Nini Kinachobeba? Jengo la Biashara kama Zana ya Kufundishia

Mwanachuo anapofika mwaka wa mwisho wa mafunzo ya ualimu huwa amekwisha kulizoea neno "zana". Likitajwa, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye chati, kadi za maneno, vizibo vya chupa vya kuhesabia na ramani zilizochorwa juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Vyote hivyo ni vyema, na mwalimu asiyejua kuviandaa ana upungufu mkubwa. Lakini iko zana moja ambayo hatuiandai, hatuibebi wala hatuinunui, nayo imesimama mbele ya macho ya watoto wetu kila siku waendapo na warudipo shuleni. Zana hiyo ni jengo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba jengo, hususan jengo la biashara la katikati ya mji, ni zana bora ya kufundishia, na kwamba tunaipoteza kwa sababu tunawafundisha watoto majina ya sehemu zake pasipo kuwauliza kila sehemu inafanya kazi gani.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha nilipewa darasa la tano, na siku moja nikafundisha somo la nyumba. Andalio langu la somo lilikuwa safi. Nilichora nyumba ubaoni kwa chaki za rangi, nikaandika: msingi, ukuta, dirisha, kizingiti, paa. Wanafunzi wakanakili, wakasoma kwa sauti, wakajibu maswali yote matano niliyowaandikia. Somo lilipokaribia kwisha, msichana mmoja aliyekaa nyuma alisimama, akaonyesha kwa kidole ukuta uliotutenga na darasa la sita, akauliza: "Mwalimu, tukiuondoa ukuta huu, paa litaanguka?" Nilimwambia aketi, kwa kuwa swali hilo halikuwamo katika somo la siku ile. Akaketi. Ukweli ni kwamba sikulijua jibu, na badala ya kukiri ujinga wangu nilimfanya yeye aone aibu kwa akili yake.

Jibu la swali lile sikulipata katika kitabu chochote cha ualimu. Nililipata baadaye sana, niliposoma habari za jengo moja la biashara lililoko mbali na kwetu, katika mji wa Chicago, Marekani. Naomba msomaji anivumilie nilieleze jengo hilo kwa kirefu kidogo, maana limejengwa kana kwamba aliyelijenga alikusudia kumjibu mtoto yule.

Jengo lenyewe huitwa Monadnock. Limesimama katikati ya mji, katika eneo la biashara, nalo lina orofa 16. Chicago iliteketezwa na moto mkubwa mwaka 1871, na katika miaka iliyofuata mji ulijengwa upya kwa haraka. Bei ya viwanja vya katikati ikapanda, na wenye mali wakatafuta njia ya kupata vyumba vingi vya kupangisha katika kiwanja kidogo. Njia ilikuwa moja tu, kwenda juu. Lifti ilikuwa imekwisha kupatikana, hivyo mpangaji hakuogopa tena ngazi. Swali lililobaki lilikuwa la wajenzi: uzito wote huo ubebwe na nini?

Nusu ya kaskazini ya jengo ilikamilika mwaka 1891. Mchoraji wake alikuwa John Wellborn Root, wa kampuni ya Burnham na Root, ambaye alifariki Januari mwaka huohuo. Nusu hiyo ilijengwa kwa njia ya kale: kuta za nje zimejengwa kwa matofali, nazo ndizo zinazobeba. Kila orofa huuegemeza uzito wake juu ya ukuta wa orofa iliyo chini yake, na huo nao juu ya ule ulio chini zaidi, mpaka kufikia ardhini. Ni kweli kwamba ndani mna nguzo na mihimili ya chuma inayosaidia kubeba sakafu na kupinga nguvu ya upepo, lakini ukuta wa nje umesimama kwa unene wake wenyewe. Kwa hiyo, kadiri jengo linavyokwenda juu, ndivyo ukuta wa chini unavyolazimika kuwa mnene. Pale chini ukuta wa Monadnock una unene wa futi 6, yaani karibu meta 1.8. Mtu mzima aweza kulala kifudifudi katika unene wa ukuta ule, kichwa kikiwa upande wa mtaa na miguu upande wa ndani.

Hapo ndipo tunapoona ugumu uliowakabili wajenzi, nao ni ugumu ambao hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuuelewa. Jengo la biashara huwa na maduka chini. Mwenye duka hutaka dirisha pana la kioo ili mpita njia azione bidhaa. Lakini ni pale pale chini ambapo ukuta unaobeba hutaka kuwa mnene kuliko mahali pengine popote na hautaki kutobolewa sana. Biashara inataka kioo, uzito unataka tofali. Tena, siku zile taa za umeme zilikuwa bado dhaifu, na ofisi isiyopata mwanga wa jua ilikuwa vigumu kumpata mpangaji. Root alijitahidi kwa kuyafanya madirisha yachomoze nje ya ukuta ili yanase mwanga mwingi zaidi. Wenye jengo, ndugu wawili wa ukoo wa Brooks kutoka Boston, hawakupenda nakshi, kwa kuwa nakshi hukusanya uchafu na ndege. Hivyo nusu ile ilibaki wazi, bila mapambo ya kuchonga, uzuri wake ukitokana na ukuta wenyewe unaojipinda taratibu karibu na chini na kutanuka kidogo unapofika juu. Ardhi ya Chicago nayo ni udongo laini. Jengo lilizama zaidi ya vile wajenzi walivyokadiria.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1893, nusu ya kusini ikakamilika. Safari hii wachoraji walikuwa kampuni nyingine, Holabird na Roche, nao walitumia njia mpya iliyokuwa ikienea mjini humo: kiunzi cha chuma cha pua. Nguzo za chuma husimamishwa kwanza, mihimili ikafungwa kati yake, sakafu zikalazwa juu ya mihimili. Uzito wote hushuka kwa njia ya kiunzi. Ukuta wa nje hufuata baadaye, nao huning'inizwa kwenye kiunzi kama vazi. Kazi yake ni kuzuia mvua, baridi na macho ya watu, na uzito wa jengo haumhusu. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa mwembamba, madirisha yanaweza kuwa mapana, na mwenye duka akapata kioo chake.

Anayepita mtaani bila kuangalia vizuri huona jengo moja refu la matofali. Mwenye macho huona kwamba nusu ya kusini ina nakshi zaidi na ukingo wa juu uliochomoza. Lakini ni yule tu anayeuliza "Nini kinachobeba hapa?" anayefahamu kwamba majengo mawili ya namna mbili kabisa yameshikana bega kwa bega, na kwamba mpaka kati ya zama mbili za ujenzi umepita katikati ya ukuta mmoja.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika haya ili mwanachuo akawahubirie watoto habari za Chicago. Tukiwa na swali hili mkononi, majengo yetu wenyewe huanza kusema.

Twende kwanza pwani, katika miji ya kale kama Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Humo mna nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi katika mitaa ya biashara ya Unguja zina duka chini na makazi juu. Ukisimama mlangoni utaona jinsi kuta zilivyo nene. Hizo ni kuta zinazobeba, sawa na nusu ya kaskazini ya Monadnock. Na ukiingia ndani utashangaa kuona vyumba virefu lakini vyembamba. Watu wasiouliza husema hiyo ilikuwa desturi tu. Anayeuliza nini kinachobeba hutazama dari, akaona boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Boriti ya mkoko ya kubebea dari aghalabu haivuki nafasi inayozidi sana meta 3. Kwa hiyo upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na mti uliokatwa kwenye maji ya chumvi. Hapo mtoto amejifunza jiografia, historia na sayansi kwa mara moja, na hakuna hata neno moja alilolazimika kulikariri.

Twende sasa kijijini. Mwanachuo aliyepangwa shule ya mbali na mji anaweza kulalamika kwamba huko hakuna jengo lolote la orofa. Na tuiangalie nyumba ya miti na udongo. Mjenzi huchimbia nguzo, akafunga fito kwa kamba, akaweka paa, ndipo mwishoni watu wakakandika udongo. Masika yanapokuja na udongo ukamomonyoka upande mmoja, je, nyumba huanguka? La hasha. Husimama vile vile, fito zikionekana kama mbavu, mpaka mwenyewe apate nafasi ya kuikandika tena. Kwa nini? Kwa sababu kinachobeba paa ni nguzo, udongo ni vazi tu. Hiyo ndiyo kanuni ya nusu ya kusini ya Monadnock. Mtoto wa kijijini anaijua kanuni ya maghorofa marefu ya dunia tangu siku aliposaidia kukanyaga udongo wa nyumba ya babu yake. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba anaijua.

Na mtoto wa mjini huiona kanuni hiyo hiyo kila siku katika majengo ya biashara yanayoinuka siku hizi: nguzo za zege husimama kwanza, sakafu juu ya sakafu, zikiwa wazi pande zote, kisha matofali hujazwa baadaye. Ameiona mara mia, lakini hakuna aliyemuuliza kwa nini matofali huja mwisho.

Yafaa sasa nieleze jinsi somo hili linavyoweza kuendeshwa. Napendekeza vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kupima. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi kipewe rula au kamba yenye mafundo. Wapime unene wa ukuta wa darasa pale mlangoni au dirishani, ambapo unene huonekana. Jioni wapime ukuta wa nyumbani, na wanaokaa karibu na maduka ya zamani waombe ruhusa wapime hapo pia. Kesho yake vipimo vyote viandikwe ubaoni. Mwalimu asieleze lolote. Aulize tu: "Kwa nini havilingani?" Kisha anyamaze, na kunyamaza huku ndiko sehemu ngumu ya somo kwa mwalimu mgeni.

Kipindi cha pili kiwe cha kujenga. Kikundi kimoja kijenge kuta mbili kwa vitofali vya udongo uliokauka, kilaze kitabu juu yake, kisha kichomoe vitofali vya chini kimoja kimoja mpaka kitabu kianguke. Kikundi cha pili kisimamishe vijiti vinne ndani ya udongo, kivifunge kwa vijiti vya kulala, kilaze kitabu hicho hicho juu, kisha kizungushie karatasi pande zote. Sasa watoto waichane karatasi. Kitabu hakianguki. Nawahakikishieni kwamba mtoto aliyeona jambo hilo kwa macho yake hatahitaji kuambiwa tofauti ya ukuta unaobeba na ukuta unaofunika.

Kipindi cha tatu kiwe cha hesabu. Mwalimu atoe mfano wa kubuni: jengo lina upana wa meta 20 na urefu wa meta 60, na kuta zake mbili ndefu zina unene wa meta 1.8 kila mmoja. Upana unaobaki ndani ni meta ngapi? Ni 16.4. Tukizibadili kuta hizo kwa kuta za unene wa meta 0.3, upana unaobaki ni 19.4. Tumepata meta 3 zaidi. Zidisha kwa urefu wa meta 60, utapata meta za mraba 180 katika orofa ya chini peke yake. Hizo ni nafasi za kupangisha. Mtoto ataelewa kwa nini tajiri wa mjini hakuhitaji kushawishiwa sana kuiacha njia ya kale.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wengine watasema muhtasari ni mrefu na mtihani uko mbele. Nami nauliza: tunapima nini katika mtihani? Wanafunzi wawili waweza kuandika jibu moja, neno kwa neno. Jibu la mmoja limebebwa na kuelewa kwake, na jibu la mwingine limening'inia kwenye kumbukumbu ya usiku mmoja. Katika karatasi ya mtihani wote wawili hupata alama sawa, lakini uyaongeze maswali uzito kidogo, utaona ni lipi litakaloporomoka. Vipindi vitatu vya namna hii havimpotezei mwalimu muda, bali humwokolea vipindi kumi vya kurudia yaliyosahauliwa.

Wengine watasema darasa lina watoto sabini na hawawezi kutolewa nje bila vurugu. Hoja hiyo ni ya kweli, na siidharau. Lakini ukuta uko ndani ya darasa pia. Anza na huo. Na nitoe onyo moja: watoto wasipelekwe kamwe ndani ya jengo linalojengwa au gofu lililoachwa. Wasimame mbali, watazame na wachore.

Sababu kubwa ya kuandika haya, hata hivyo, si alama za mtihani. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la orofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la orofa nne liliporomoka katika soko la Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Sisemi kwamba somo la darasa la tano lingeyazuia maafa hayo. Kuna wahandisi, kuna sheria na kuna wakaguzi, na kila mmoja ana wajibu wake. Lakini wanafunzi wetu ndio watakaokuwa mafundi, wapangaji, wenye maduka na wenye majengo. Mmoja wao siku moja atataka kutoboa ukuta ili apanue duka, au kuongeza orofa juu ya jengo la zamani. Nataka siku hiyo ajiulize, kabla ya kumwita mwenye nyundo: "Hiki ninachotaka kukiondoa kinabeba nini?" Na asipojua, amtafute anayejua. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto asiyefundishwa kuuliza ni ufa tunaouacha wazi sisi walimu.

Monadnock imesimama mpaka leo. Kuanzia mwaka 1979 ilifanyiwa ukarabati mkubwa ili irudishiwe sura yake ya awali, na ingali ikipangishwa ofisi na maduka. Majengo mengi ya kale ya biashara katika miji yetu hayatapata bahati hiyo. Kila mwaka mengine yanabomolewa, na pengine kwa sababu za haki. Basi angalau tuwapeleke watoto wakayasome kabla hayajatoweka, kama tunavyowahimiza waende kumsikiliza mzee angali hai.

Laiti ningepewa tena kipindi kile cha darasa la tano. Darasa lile halikuwa na dari. Kenchi zote zilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. Yule msichana aliposimama na kuuliza kama paa litaanguka, ilinipasa nimwambie hivi tu: "Sijui, mwanangu. Hebu sote tutazame juu, tuone kenchi zimelala wapi."